Kitovu cha Baba

Migwani,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mpendwa mdogo wangu Kathini,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila mgongo umeanza kunikumbusha umri. Nawe hujambo huko Doha, na hilo joto lenu? Tima anarudi huko kazini wiki hii, nami nimemwomba akubebee barua hii kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijamaliza.

Kwanza tulia: mwanao Muli yuko salama. Saa hii yuko uani, anawafundisha kuku nyimbo za sande skuli.

Jumanne iliyopita alikataa uji, akashika tumbo, akatapika. Nilipoinua shati, kile kitovu chake ambacho hurudi ndani nikikibonyeza kilikuwa kigumu, kimebadilika rangi, hakisogei. Jirani yetu Nthiwa alitupeleka hospitali kwa gari lake, akiniambia niache kulia nimshike mtoto vizuri, mashimo ya barabara ni kazi yake. Daktari akasema ni ngiri. Utumbo ulikuwa umenaswa kwenye tundu la kitovu, na tukichelewa tungempoteza mtoto. Nilitia sahihi bila kusoma.

Walimpa nusukaputi wakaingia naye. Nilikaa kwenye benchi la korido, jua la mchana likiingia dirishani, na sijui kama nililala. Nilimwona marehemu baba akija katikati ya mbaazi, shati wazi, kile kitovu chake kikitangulia. Alituacha ukiwa bado wa kubebwa mgongoni, huwezi kukumbuka. Akitoka shambani alikuwa akijilaza mkekani, nami nikikibonyeza anatoa mlio wa honi ya lori. Pale korido nilikibonyeza tena. Hakutoa mlio. Alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, akapita.

Daktari alitoka akasema utumbo ulikuwa bado mzima. Ameurudisha, ameshona tundu, kisha ameishikiza ngozi kwa ndani ili Muli awe na kitovu kama cha watoto wengine. Nilimshukuru Mungu. Halafu, Kathini, nilisikia uchungu kidogo moyoni, na nikajichukia.

Sasa nikuambie. Uliponiuliza mwezi wa nne, nilikujibu kwamba daktari amesema tungoje, kitajifunga chenyewe. Hayo daktari aliyasema wakati Muli ana miaka miwili. Mtoto alipofikisha mitano, daktari aliniandikia karatasi ya upasuaji, nami nikaificha ndani ya Biblia. Mtoto ana jina la baba, na alikuwa na kitovu cha baba, na kila nikimwogesha nilikuwa msichana mdogo tena. Sikutaka kiguswe. Kwa raha yangu hiyo nusura nikuzikie mwanao.

Nisamehe ukiweza. Ukiona afadhali alelewe na mtu mwingine, sema tu, nitamfungia nguo zake mimi mwenyewe.

Nthiwa na watu wa kanisa wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini. Ile karatasi ya daktari nimeitia humu ndani ya bahasha; tarehe imeandikwa juu.

Ni mimi dada yako,
Kalunde