Trekta la Mama Sayi

Mama Kulwa mpendwa,

Habari za hapo Tinde? Kulwa na Doto wanaendeleaje, na kifua cha mama kimepoa? Mimi huku Geita ni mzima. Kwenye simu tunaishia salamu tu, kwa hiyo hili nimeona nikae niliandike.

Shimo letu la dhahabu lilijaa maji, kazi ikasimama, nikawa nashinda kwa Mama Sayi, yule mjane aliyenipangisha chumba. Uani kwake kuna trekta ambalo halijawaka tangu mumewe afariki. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Siku moja shemeji yake alikuja na wanunuzi wa chuma chakavu.

"Shemeji, trekta halitembei, shamba hulimi," akamwambia. "Msimu huu shamba likibaki pori tena, nalichukua."

Mama Sayi akamjibu taratibu kwamba trekta haliuzwi. Walipoondoka akanigeukia. "Baba Kulwa, wewe si unatengeneza pampu za kuvuta maji shimoni? Injini si ni injini?"

Nilimwambia sina uhakika, ila nitajaribu. Injini ilikuwa imeshika kutu, haizunguki kabisa. Nikafungua nozeli za kupulizia mafuta, nikamimina dizeli kwenye silinda, nikaacha iloweke. Kila asubuhi najaribu kuizungusha kwa spana, inagoma, naongeza dizeli. Nilishaanza kukata tamaa spana iliposogea. Nilidhani imeteleza.

"Imezunguka?" akauliza Mama Sayi.

"Kidogo."

Akaweka kikombe chake cha chai chini, akaja kushika spana pamoja nami.

Tukasafisha tangi, tukabadilisha filta na mipira ya mafuta iliyopasuka. Betri hatukuwa nayo. Jirani akatuazima ng'ombe wake wa kulimia, wakalivuta hadi juu ya mwinuko, tukawafungua, nikaliachia literemke. Nilipoachia klachi lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Tukalivuta tena. Mara ya pili likawaka, na halikuzima. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mama Sayi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, akasema, "Wabeja." Sikujua ananishukuru mimi au marehemu.

Shamba limelimwa lote. Shemeji yake alipita, akasimama njiani akitazama, akasalimia, akaenda zake. Sasa majirani nao wanataka kulimiwa, na Mama Sayi ameniomba niwe dereva wake msimu mzima.

Jana wenzangu walinitumia ujumbe kwamba maji yamekauka, nirudi shimoni. Nimewajibu sirudi. Najua hujawahi kuniuliza habari za shimo. Ulikuwa unapiga simu tu ili usikie sauti yangu, halafu unasema una kazi jikoni. Kuanzia sasa ukipiga, tuongee mambo mengine.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na dada yangu wa dukani umwambie mdogo wake amekuwa mkulima. Watoto wapakate kwa niaba yangu.

Mumeo, niliye juu ya ardhi mchana kutwa,
Baba Kulwa