Ukungu Niliouondoa Songea

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
4 Agosti 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Vitalis,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, si umesimama kwenye vichanja vya kahawa ukiwahimiza watu. Mgongo wa Mama Mkubwa Evarista unaendeleaje baada ya ile dawa ya kuchua? Na macho yako, Baba, yanasemaje? Najua utajibu kuwa ni mazima kama ya kunguru, kama ulivyomjibu Mama kwenye simu. Nauliza hata hivyo, na huko chini nitauliza tena.

Sisi huku hatujambo. Mama anashinda dukani kwake Mtaa wa Narung'ombe na vifungo vyake na zipu zake. Siku hizi, anasema, mteja wa zipu moja anaipiga picha kwanza, anamtumia fundi, anasubiri jibu, halafu anaondoka bila kununua. Anakusalimu. Anauliza kama ile mbegu ya maharage uliyomwahidi bado ipo.

Nimeamua kuandika, sikutaka kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utatania, nami nitacheka, na tutaagana bila mimi kusema kilichonikaa rohoni. Karatasi hainikatizi. Nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la Songea kesho alfajiri, yule aliyemletea Mama ule mchele.

Likizo ya Krismasi uliniuliza ni kazi gani hii ya kufundisha watu kurusha ndege isiyoruka, ukacheka mpaka ukakohoa. Sikukujibu vizuri. Simuleta ni chumba cha rubani, na viti na usukani na saa zake zote, ila kimewekwa ghorofa ya tatu pale mtaa wa Gerezani, juu ya maduka ya vipuri. Nje ya vioo vyake kuna skrini. Rubani anakaa mbele. Mkufunzi anakaa nyuma yake, kwenye meza ya vitufe. Nikitaka mvua, inanyesha. Nikitaka injini ife, inakufa. Mtu anakosea humo ili asikosee angani.

Ili uwe mkufunzi, kujua kurusha hakutoshi. Lazima uwe na leseni ya urubani wa biashara, au uwe uliwahi kuwa nayo kama mimi. Usome jinsi mtu mzima anavyojifunza na anavyosahau. Ukae pembeni siku nyingi ukiwatazama wanaojua. Mwisho ufundishe wewe, huku mtahini amekaa kimya nyuma yako anaandika. Hapo mwisho ndipo nilipoanguka, tarehe nane mwezi uliopita. Sijamwambia mtu isipokuwa Mama. Nimepewa nafasi moja tu nyingine, Alhamisi wiki ijayo, tarehe 14. Nikianguka tena, chuo kinafunga jalada langu. Na unajua sikio langu lilivyonifanya. Mtu aliyeshushwa angani na sikio hana mlango mwingine wa kuingilia ndegeni ila ule wa abiria.

Sijawahi kukusimulia siku ile daktari wa marubani aliponipa majibu. Hakuzunguka. Alisema, "Hyasinta, kizunguzungu hiki hakina ratiba. Hutarusha tena ndege yenye watu." Nilimchukia miezi mitatu. Nilikuwa nikipita barabara ya ofisi yake nageuza uso. Kisha nikaanza kufikiri ni watu wangapi walioniona nikishikilia ukuta kabla yake wakasema, "Pole, ni uchovu." Wote walikuwa wananipenda.

Sasa hilo la kuanguka. Mwanafunzi niliyepewa siku ile alikuwa Kapteni Onesphory, mzee wa miaka hamsini na nane, anayerusha ndege ndogo za abiria. Ana shingo kama yako, Baba, na mvi zimekatwa vizuri. Nilimwamkia mlangoni, akaitikia, akaniita mjukuu. Nikampa zoezi la kutua Songea, asubuhi ya ukungu. Kanuni hapo ni moja. Unashuka mpaka kimo fulani, na kama hujaiona njia ya kutua, unapandisha ndege na kuondoka. Huchungulii, hubahatishi.

Kapteni alifika kwenye kimo kile na kuendelea kushuka. Nje kulikuwa kweupe tupu. Futi hamsini chini ya kimo, futi mia, mia na hamsini. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha zoezi. Kazi yangu ilikuwa kukibonyeza, tutazame pamoja palipoharibika. Nikatazama zile mvi, nikafikiri jinsi atakavyogeuka kunitazama, nikabonyeza kitufe kingine. Ukungu ukainuka. Njia ya kutua ikajitokeza mbele yake imenyooka, akaiweka ndege chini kama anayeweka yai.

"Umeona, mjukuu?" akasema. "Songea hii naijua kwa harufu."

Nikamwambia amefanya vizuri, ila kile kimo tukiangalie kidogo. Nilisema "kidogo" mara tatu, mtahini alizihesabu. Anaitwa Mwalimu Abdulswamad, mtoto wa Kariakoo kabisa, aliyezaliwa Mtaa wa Swahili, na ulimi wake ni wa huko huko. Alisubiri mzee ashuke ngazi ndipo akafunga daftari.

"Dada Hyasinta, huko kwenu Songea anayeondoa ukungu ni nani? Nipe namba yake tumwajiri."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umemheshimu mzee wa watu mpaka umemzika," akasema. "Na abiria kumi na wawili umewazika naye. Kwa adabu."

Fomu niliyokuwa nimeshaisaini, kwamba Kapteni amefaulu zoezi, aliikata mstari mwekundu mbele yangu. Kwa hiyo mzee naye hajarusha ndege tangu siku hiyo. Wiki nzima sikula vizuri. Mwanzoni nilijitetea moyoni kwamba haya ndiyo malezi uliyonipa tangu baba alipofariki: mkubwa hakosolewi mbele ya watu, na ukimwona amejikwaa, unatazama pembeni. Lakini nimejichunguza sana, Baba, na nimeona si kweli. Malezi yako sikuyatii, niliyafanya maficho. Nilitaka tu aendelee kuniita mjukuu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa dukani namsaidia Mama, nikamwona Kapteni Onesphory anajipenyeza katikati ya mikokoteni, anauliza kila duka. Alikuwa ananitafuta mimi. Mama akampa kigoda na maji. Hakuyagusa.

"Ule ukungu uliutoa wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee. Naomba radhi."

"Nilijua. Miaka ishirini na sita narusha, sijaona ukungu mtiifu vile." Akawa anachezea zipu moja mezani, anaifunga na kuifungua. "Mimi nilidhani nimeiona njia. Nikawa najiuliza, je, huko nyuma, siku za kweli, niliziona njia au nilibahatika? Jibu lilikuwa mkononi mwako, mtoto wewe, ukaninyima."

Mama akaingilia, "Baba, alikuonea haya. Wewe ni mtu mzima."

"Haya zake zingenisindikiza kaburini, mama."

Mzee alipoinuka alisema Mwalimu Abdulswamad amemwomba arudi Alhamisi hiyo hiyo kuwa mwanafunzi wangu, naye amekubali. "Shikamoo utanipa mlangoni," akaniambia. "Ukishakaa nyuma yangu, usinipe tena."

Akaondoka na ile zipu mkononi. Mama anasema amemsamehe.

Baba, tangu Jumamosi kinachonisumbua zaidi si mtihani. Ni wewe.

Unaikumbuka asubuhi ya tarehe 27 Desemba, uliponifuata Songea na pikapu? Tulikuwa kwenye ule mteremko kabla ya Kigonsera, unanisimulia habari za paroko mpya. Kitu kikagonga kioo cha upande wangu. Ukauliza, "Nini hicho?" Nikakujibu, "Ni tawi."

Lile halikuwa tawi. Alikuwa mama mmoja anatembea pembeni ya barabara na mzigo wa kuni kichwani. Mimi nilimwona tangu mbali. Nilingoja usogee kulia, na hukusogea, kwa sababu hukumwona. Kioo kiligonga kuni, si kichwa chake. Niligeuka nikamwona ameanguka magotini katikati ya kuni zake, kisha akasimama na kututazama. Nilipaswa kusema simama. Ukaendelea na habari za paroko, nami nikaitikia. Miezi saba namwona mama yule anasimama. Hata jina lake silijui.

Siku ile nilikuondolea ukungu, Baba. Nilikuacha uamini kwamba barabara unaiona.

Mama ameniambia kwamba tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, utawapeleka wanakwaya kwenye misa kwa pikapu, watoto ishirini nyuma, kama kila mwaka. Siwezi kwenda Alhamisi kumwambia mgeni ukweli huku wewe nimekuficha. Hata nikifaulu, nitakuwa nimefaulu uongo.

Kwa hiyo nasema bila "kidogo". Macho yako hayaoni upande wa kushoto. Usiwabebe watoto wale. Ufunguo mpe kaka Tarsis, ana leseni na ana subira, nawe ukae kiti cha kushoto umwelekeze njia. Kisha nenda ukapimwe macho, na majibu yoyote uniambie kama yalivyo. Yakiwa ya dawa au miwani, nitafurahi kuliko mtu yeyote. Yakiwa ya kuacha kuendesha kabisa, mimi najua uchungu wake. Nimelala nao kitanda kimoja. Utanichukia miezi mitatu. Nitaingoja ipite.

Namwandikia Tarsis pia ili ajue nimekwambia, lakini sikumwambia habari za kuni. Hizo ni zetu wawili, mpaka utakapoamua mwenyewe. Nikija Desemba, nataka twende sote Kigonsera tumuulizie mama yule.

Nisalimie Mama Mkubwa Evarista, mwambie asiinue ndoo. Nisalimie Tarsis na mkewe, na wanakwaya wote, hasa wale wadogo wa mstari wa mbele wanaoimba wamefumba macho. Mungu akulinde, ailinde nyumba yako na kahawa yako, na awape safari njema siku ya sikukuu. Niombee Alhamisi, mkono wangu uende kwenye kitufe kinachostahili.

Shikamoo nimekupa mlangoni, juu kabisa ya barua. Humu ndani sikuweza kukupa tena. Unisamehe, Baba.

Mwanao, anayekupenda hata utakaponuna,

Hyasinta