Wateja Waje Mchana

Kigali

Kaka Melchior,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini Arusha inakutunza na kile kikohozi kimekwisha. Sisi tu wazima, na mama anakusalimu. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea Eddie mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uisome.

Unamkumbuka Kabagwira, yule mama mjane wa Gisozi uliyemuuzia mtoto wa mbwa wako Simba amlindie karakana ya samani. Alikuja hapa mkono umefungwa bendeji. Mbwa alimng'ata jioni akifunga mlango, yeye anayemlisha kila siku. Nilitegemea matusi. Akakaa, akaniambia taratibu, "Winifred, mbwa wangu hakunijua. Nadhani haoni."

Nikaenda naye kwa daktari wa mifugo. Alimpitisha mbwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, mate yakapelekwa maabara ya nje kupimwa vinasaba. Majibu yalipokuja akatueleza kwamba ni ugonjwa wa macho wa kurithi, baba na mama wote wakiwa nao kwenye damu. Mbwa huanza kwa kutoona gizani, kisha hata mchana macho huzimika, na dawa hakuna. Nikauliza kama tumpime na Simba. Akashangaa. Akasema Simba alishampima yeye mwenyewe, ukiwepo, kabla hujamzalisha hata mara moja, na kwamba alikuonya usithubutu.

Nimekasirika, kaka, na sitaki kulipamba. Ulijua. Ndiyo maana uliniachia agizo kwamba wateja wa kumwona Simba waje mchana, eti jioni anachoka. Nami nikawa nawaambia watu hivyo kwa mdomo wangu, huku nawamiminia chai. Mjane anatafuta mlinzi, wewe unampa kipofu, kisha unahamia Arusha na kuzima simu.

Sasa sikia nilichofanya. Audace wa Kiyovu, uliyemwahidi Simba kwa jike lake, hatakuja. Nimempigia nikamweleza yote. Na Simba nimempeleka kwa daktari, amehasiwa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Gomba utakavyo.

Wasalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Kidonda cha Simba kinapona vizuri. Giza likiingia namwita, naye huja akiupapasa ukuta kwa ubavu mpaka anifikie. Ukija kumwona, njoo jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Winifred