Ukurasa Uliousoma Wewe Peke Yako

Mpendwa Mjomba,

Watu wakiniuliza ni nani alinipeleka kwenye urubani, huwa wanangoja nimtaje mwalimu fulani wa hesabu. Mimi huwaambia ni mjomba wangu wa Kaplong, mchumaji chai ambaye hakuweza kutofautisha kijani na kahawia. Wanadhani natania. Basi leo nakuandikia wewe mwenyewe, hata kama huko uliko hakuna posta, ili jambo hili lisemwe vizuri mara moja.

Kwetu kila mtu alijua habari ya macho yako. Kwaya ya kanisa ilikutuma Chepilat ukanunue nyuzi za kijani za sweta, ukarudi na mfuko umejaa nyuzi za kahawia, uso umeridhika kabisa. Mwenye duka alikataa kuzipokea tena. Mama yangu, dada yako, akazifuma hivyo hivyo huku akinung'unika, na kwaya ikaimba mwaka mzima imevaa rangi ya viazi. Ulicheka kuliko wote.

Lakini kuna siku tulikuwa tunachuma chai, wewe mstari wako na mimi wangu, ukaniambia kwa nini uliacha shule mapema. Mwalimu alikuchapa mbele ya darasa kwa sababu ulichora nyasi ukazipaka nyekundu. Alidhani unamfanyia mzaha. "Nikajua tu mimi ni mjinga," ulisema, halafu ukaendelea kuchuma. Kwenye chai hukuhitaji rangi, kwa maana jani changa ulilijua kwa vidole. Mimi nilikasirika badala yako, na hasira hiyo nilikaa nayo muda mrefu.

Ni wewe uliyenipeleka kuona ndege ndogo zikitua kwenye kiwanja cha kampuni ya chai, tukasimama nje ya ua kama watu waliokuja arusi bila kualikwa. Nilipokuambia nitaendesha moja, hukucheka. Uliniuliza tu kama nitakupa kiti cha dirishani.

Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne na kupata ufadhili wa kusomea urubani, wewe ndiye niliyekukimbilia kwanza. Sharti lilikuwa moja: daktari wa marubani anipime macho, na rangi zikinishinda, nafasi yangu apewe mwingine. Mama aliogopa. Alisema pale jikoni, mbele yako, "Hiyo macho iko kwa familia yetu, Chebet. Utaenda kuaibika bure."

Uliweka kikombe chini. "Mimi ndio nitampeleka," ulisema. "Kama watapata macho yangu kwa huyu mtoto, wacha wanipate na mimi hapo hapo."

Mama akakuongezea chai.

Kule Nairobi ulibaki kwenye benchi la nje, kofia mapajani. Ndani, daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinikalisha karibu na dirisha akafungua kitabu chenye kurasa za madoadoa ya rangi. Katikati ya madoa palikuwa na namba, na kazi yangu ilikuwa kuisoma bila kukawia. Nikasoma ya kwanza, ya pili, nyingine na nyingine. Nilianza kujisikia mtu.

Kisha akafungua ukurasa ambao sikuona chochote. Madoa tu, Mjomba, yametapakaa kama mtama uliomwagika. Nikaona nafasi yangu ikienda kwa mtu mwingine, na wewe hapo nje ukijilaumu mpaka kufa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Hapa sioni kitu." Daktari aliandika jibu langu. Akafungua mwingine, nami nikaendelea kusoma huku machozi yananitoka.

Alipofunga kitabu akasema, "Umepita. Sasa unalia nini?"

Nikamwambia kuhusu ule ukurasa. Akatabasamu. "Huo umetengenezwa hivyo. Wenye macho kama yako hawaoni namba hapo. Wanaoiona ni wale wanaochanganya nyekundu na kijani."

Hapo hapo nikamwomba akupime na wewe. Uliingia ukijikunyata kama mtu aliyeitwa ofisi ya chifu. Ukurasa wa kwanza ulisoma, kwa sababu huo husomwa na kila mtu. Zilizofuata zikakushinda, mmoja baada ya mwingine, na kila mara ulisema "pole, daktari," kana kwamba ulikuwa umemvunjia chombo. Moyo uliniuma, nikajuta kukuita.

Kisha akafungua ule wangu. Ukainua kichwa. "Arobaini na tano," ulisema mara moja.

Niliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Sikuona kitu. "Wapi, Anko?"

"Si hii hapa! Wewe huoni? Na daktari?"

"Hata mimi sioni, mzee," alisema. "Wewe ndiye unaiona."

Ulitutazama kwa zamu. Halafu ukauliza polepole, "Kwa hivyo hii ni ujinga ama ni nini?"

"Ni macho umezaliwa nayo. Akili yako haina shida yoyote."

Ulivaa kofia, ukaivua tena. "Basi ule mwalimu alinichapa bure," ulisema, na tabasamu likaanza kukujia usoni taratibu, tabasamu ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwako. Kutoka siku hiyo hukunyamaza tena. Kaplong nzima iliambiwa kwamba mpwa wako amepita, na kwamba wewe umesoma namba iliyomshinda rubani na daktari wake.

Nilipata leseni ukiwa hai, nikakupa kiti cha dirishani, ukaona mashamba ya chai ya Kericho na Bomet kutoka juu na kuyasifu kwa rangi zako mwenyewe. Nashukuru kwa hilo kila siku. Nakukosa pia, Mjomba, sana.

Kila ninaporudi kupimwa, huwa tunafika kwenye ule ukurasa. Nautazama kwa makini, nauona mtupu, na nasema sioni kitu. Daktari anaandika kwamba jibu ni sahihi. Nami kila mara hutaka kumwambia aandike pia kwamba ni arobaini na tano, mjomba wangu aliiona.

Sait sere, Mjomba, kwaheri. Pumzika.

Mpwa wako, binti wa dada yako,
Chebet