Wingu Likikuta Dagaa Wameanikwa

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Bangwe babu yako mzima. Mimi nimechoka, kidonda cha mguu hakijafunga.

Unauliza kwa nini muuguzi, mhudumu wa afya wa mtaani na jirani yetu Mama Riziki wanakuja kunipima sukari na kunikagua nyayo, watu baki, ilhali nina watoto.

Nilipokuwa msichana tulianika dagaa mchangani. Siku moja wingu likatanda ghafla, nikakimbilia dagaa wetu kule mbali. Mama akanifokea: "Anua hawa wa jirani hapa! Wetu ataanua aliye karibu nao." Mvua ilipopiga, wetu walikuwa wameshaanuliwa.

Wewe uko Dar, mama, na wanangu nao wako mbali. Mguu wangu uko hapa. Waache waanue.

Bibi yako