Tenga la Karibu na Jiko

Shuleni, Tororo
Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Mnaendeleaje hapo Busia? Mimi ni mzima. Mdogo wangu Nabwire ameanza kutembea? Umesema bado hali kitu ila mayai. Basi niliogopa niliposoma kwamba kuku wawili wamekufa, na kila mmoja anapokufa unamlaza mgonjwa mwingine katika lile tenga langu karibu na jiko.

Mama, acha. Hata hapa tulifanya hivyo, na niliyewafundisha ni mimi. Kuku wa shule walikuwa wamekonda kwa minyoo. Mmoja alipoanza kusinzia, nilimwambia mwalimu kwamba kwetu kuku mgonjwa hulazwa kwenye tenga, penye joto. Akanisifu. Kuku yule alikaa siku sita, akafa. Nikamlaza wa pili kwenye nyasi zilezile. Siku tatu. Wa tatu nilimlaza asubuhi. Hakufikia kengele ya mchana.

Auma, rafiki yangu anayetoka Paya, akanitania, "Wewe daktari, leo unamzika nani?" Tukacheka.

Kesho yake jogoo hakuwika. Alikuwa hajaugua hata siku moja, mama. Tulimkuta amechutama mlangoni pa banda, macho wazi, undu wa kichwani umekuwa mweusi. Auma alimgusa kwa kidole tu, jogoo akaanguka, kumbe amekwisha kufa.

Daktari wa mifugo alipokuja aliniuliza mambo yote, halafu akaniambia:

"Binti, ugonjwa huu ulianza mdogo. Ulikuta mwili uliokonda, usioweza kuuzuia. Vijidudu vikazaliana humo, vile vikali vikazidi. Vikapelekewa dhaifu mwingine, na mwingine. Mwisho vikamweza hata mwenye nguvu."

"Nani alivipelekea?"

Alitazama tenga. Lilikuwa tupu, lakini katikati nyasi zilikuwa zimebonyea, kama kuna kitu bado kimelala. Mpaka leo sipendi kupita pale, ingawa tumelichoma.

Kuku mwekundu anayetaga mtenge mbali leo hii. Waliokufa uwafukie, usimpelekee shangazi wa kule Mella hata nyama. Na tenga lichome na nyasi zake. Najua umelitunza kwa sababu nililisuka kabla ya kuja shule.

Barua hii nampa dereva wa lori la pamba ili ikufikie upesi. Nisalimie baba, na bibi anayenikumbuka katika sala.

Likizo nitasuka lingine, dogo, Nabwire aweze kubebea mayai.

Binti yako,
Nekesa