Mkalina Wangu na Boga la Odarka

Jumapili, 18 Oktoba 2009

Jirani yangu Odarka kaonja kalina zangu, vitunda vyekundu vichungu, pale langoni. Katema! Nikamwambia basi tuoane, tumeshazeeka na jiko moja linatutosha. Akasema nisubiri jalidi ya kwanza, baridi ya kugandisha umande, izilainishe, ndipo atajua kama mimi na mkalina wangu tunalika. Jalidi! Nje jua linawaka, nzi wanacheza. Na bintiye anakuja Jumamosi kumhamishia mjini Poltava.

Akienda harudi. Namjua yule binti.

Jumanne, 20 Oktoba

Jua tena. Mshenzi.

Nimechuma bakuli zima na kulitia kwenye friza. Jalidi ni jalidi. Jirani Yukhim akachungulia juu ya ua: “We Panasi, jiandae kubeba boga!” Eti mcheshi. Kila mtu hapa anajua mwanamke akikukataa hukukabidhi boga, nawe unavuka nalo kijiji kizima mchana kweupe. Nikamwuliza mkalina wake umezaa nini. Akatoweka! Ule wa mapambo tu: maua meupe kama mipira, tunda hata moja hauna. Mbwembwe tupu, kama mwenyewe.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimeoka mikate ya kalina. Mungu wangu, harufu! Soksi za askari aliyerudi vitani kwa miguu. Nikafungua madirisha yote — kosa. Paka wakaja. Wa kijiji kizima! Harufu ile inawapa wazimu. Wanagaagaa sakafuni, wanapigana juu ya kitanda changu. Mmoja kalala ndani ya kofia yangu ya kanisani.

Huyo wa kofia ni wa Odarka. Akaja kumtafuta. Akakaa, akala mkate, akala wa pili. Nikamsogezea sahani.

“Tamu,” akasema. “Jalidi imeanguka lini?”

“Usiku.”

“Panasi, jalidi gani hii inanuka kitunguu saumu?”

Friza! Bakuli lilikaa na shahamu yangu ya nguruwe iliyopakwa kitunguu saumu. Akambeba paka pamoja na kofia, akasema jibu atalileta mwenyewe. Hakucheka. Au alicheka akiwa amegeuka? Mabega yalitikisika.

Sijala tangu hapo. Ninampenda, basi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Jalidi! Uwanja mweupe, kalina zinang’aa. Leo! Siku ya gari la binti! Limesimama kwa Odarka, injini inanguruma, binti anapiga honi.

Yukhim anapiga kelele uani: “Kachagua boga kubwa kuliko yote!”

Naona dirishani. Odarka anakuja. Boga limemficha hadi kidevuni. Sawa. Nitalibeba hadi mwisho wa kijiji, Yukhim afurahi.

Paka anamfuata. Gari linaondoka — binti yuko peke yake.

Ngoja. Kwapani kabana kitu. Ndara zake za sufu. Zile za nyumbani!

Basi boga la nini? La kuokea mikate? La aibu? Anagonga. “Fungua, mzee, mikono inanikatika!”

Nami sijavaa suruali!